Mchanga Ulionisomesha

Karo yangu ya sekondari ililipwa kwa mchanga. Sipigi fumbo. Mzee wangu alianza kama mpakiaji, mmoja wa wale vijana unaowaona kifua wazi katikati ya mto mkavu wakirusha mchanga kwenye lori kwa sepetu. Baadaye akawa utingo, kisha dereva, na nilipofika kidato cha pili alikuwa na lori lake mwenyewe, la mtumba, breki za kuombea. Usiku alishuka kwenye mito ya upande wa Kalama na Mwala, na kabla jua halijachomoza alikuwa ameshamwaga mzigo kwenye mjengo fulani Nairobi. Kuna watu South B wanaolala ndani ya karo yangu ya kidato cha tatu na hawana habari.

Siku hizi mimi huchora ramani za majengo. Ninaishi Syokimau, ghorofa ya nne, ndani ya Kaunti ya Machakos, ingawa majirani zangu wengi ukiwauliza watakuambia wanaishi Nairobi. Kwenye ramani zangu mchanga ni namba tu: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Hakuna mahali pa kuandika ulitoka mto gani.

Mwaka jana nilimtembelea Susu, mama yake mama yangu, huko Kalama. Akaniuliza tunapata wapi maji. Nikamweleza: kisima cha ploti kina maji ya chumvi, ya kuoshea tu, kwa hivyo tunangoja boza, na boza likichelewa tunanunua kwa mtungi, shilingi hamsini, na kijana wa kuupandisha ngazi anataka yake. Susu alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka, akatazama chini kwenye kijito, akasema, "Basi sasa tumelingana."

Sikuwa na jibu. Niliporudi nikaanza kusoma historia ya kwetu, jambo ambalo ningepaswa kulifanya kabla ya kumchorea mtu hata choo.

Machakos ni jina lililoharibika. Mtu mwenyewe aliitwa Masaku, kiongozi na mwaguzi wa Wakamba, na wenyeji bado wanauita mji kwa jina lake. Kampuni ya Waingereza ya Imperial British East Africa ilijenga ngome yake hapo mwaka 1889, na tangu 1892 mkuu wa kituo alikuwa John Ainsworth. Nairobi wakati huo ilikuwa bwawa na nyasi, mahali Wamaasai walipanywesha ng'ombe. Machakos ilikuwa na ofisi, soko, misafara ikipita kuelekea Uganda. Mtu akikuuliza mwaka 1895 mji wa kesho uko wapi, ungemwonyesha Machakos bila kusita.

Halafu reli ikapita mbali. Ilichora njia yake kwenye nyanda za Athi, ikatuacha kwenye vilima vyetu, na mwaka 1899 ikafika Nairobi. Wahandisi walitaka uwanja tambarare wa kugeuzia vichwa vya treni na kuweka karakana kabla ya kupanda milima ya Wakikuyu, na maji yalikuwepo. Basi. Mji mkuu wetu ulichaguliwa kama maegesho. Ainsworth naye akafunga virago mwaka huohuo, akahamisha makao ya utawala. Miaka mitatu baadaye tauni iliingia kwenye mabanda ya maduka ya Wahindi na serikali ikayachoma moto. Madaktari walikuja kupendekeza mji uhamishwe kutoka kwenye tope lile, ila pesa zilikuwa zimeshamwagwa. Ukikwama Mombasa Road mafuriko yakiwa magotini, kumbuka kuna watu walisema mapema.

Wakamba husimulia kwamba nabii Syokimau aliliona treni kabla halijaja: nyoka mrefu anayetema moshi, toka maji hadi maji. Mwaka 2012 stesheni ya treni ya abiria ilifunguliwa kwenye mtaa wenye jina lake, na mwaka 2017 reli ya SGR ikajengewa kituo kikuu hapohapo. Ndiyo mtaa ninaoishi. Nabii wa watu alitabiri nyoka, wakampa stesheni. Kuhusu maji hakuna anayesema alitabiri chochote.

Turudi kwenye vilima. Wazungu walichukua nyanda za Athi na sehemu kama Mua Hills kwa mashamba yao, Wakamba wakabanwa kwenye hifadhi iliyobaki. Watu wakaongezeka, ng'ombe wakaongezeka, malisho yakabaki palepale. Mvua ikinyesha, udongo ulishuka mtoni kama uji. Mwaka 1937 Colin Maher, ofisa wa serikali wa kuhifadhi udongo, aliandika ripoti kuhusu Machakos ambayo hadi leo ukiisoma unapata baridi. Alisema watu wanateleza kwenye umaskini usio na tumaini na ardhi yao inageuka jangwa la mawe na mchanga.

Mchanga. Nilipofika neno hilo niliweka simu chini, nikaenda kuchemsha chai.

Dawa ya serikali ilikuwa kupunguza ng'ombe kwa lazima. Mwaka 1938 mifugo ilianza kunyakuliwa na kupigwa mnada. Na ilisadifu, kama mambo haya yanavyosadifu, kwamba kampuni ya Liebig ilikuwa imefungua kiwanda cha nyama Athi River, kikiwa na njaa ya ng'ombe wa bei rahisi. Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu ya watu, wanawake na watoto wakiwemo, wakatembea hadi Nairobi kumwona gavana. Machakos mjini hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 60, na wengi walitoka mbali zaidi. Gavana Brooke-Popham akakataa kuwaona. Wakapiga kambi Kariokor wakakaa wiki kadhaa. Hatimaye yeye ndiye aliyefunga safari kuja Machakos kuwahutubia. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu, lakini kabla mwaka haujaisha serikali ilikuwa imeacha kunyakua ng'ombe kwa nguvu.

Leo ana barabara katikati ya jiji. Umeipita mara nyingi, ile yenye City Market na Jeevanjee. Mimi niliipita miaka sita nikienda chuoni nikidhani alikuwa waziri.

Kilichofuata hakina barabara yenye jina lake, na ndicho kinachonishangaza kuliko vyote. Baada ya vita vya pili vya dunia serikali ilirudi na dawa nyingine: matuta. Mwanzoni ilikuwa kazi ya shuruti. Chifu anapuliza filimbi, mnatoka na majembe siku mbili kwa wiki mchimbe, upende usipende. Walichukua hata mwethya, ule utaratibu wetu wa zamani wa majirani kusaidiana kulima na kujenga, wakaufanya jeshi la kuchimba mitaro. Watu waliuchukia, na uhuru ulipokaribia wengi waliacha mitaro ijifukie.

Halafu wakarudi kuichimba wenyewe. Hakuna filimbi, hakuna mzungu. Kahawa ilikuwa imeruhusiwa kwa Wakamba katika miaka ya 1950, mboga na matunda zilikuwa na soko Nairobi, na mtu alishaona kwamba tuta likishika maji mahindi yanakomaa. Mtindo walioupenda ni huu: unachimba mtaro kukata mteremko, udongo unaurusha upande wa juu, unapanda nyasi juu ya tuta, na miaka ikienda shamba linajilaza lenyewe kama ngazi. Unaitwa fanya juu. Fungua kitabu cha uhifadhi wa udongo cha Kiingereza, kiwe kimechapishwa Roma au London, utalikuta neno hilohilo kwa Kiswahili, halijatafsiriwa. Sisi ambao tunakopa neno la kila kitu tumewahi kuwakopesha.

Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha mwaka 1994 hesabu za miaka 60. Wilaya ya Machakos, ikiwemo Makueni ya leo, ilikuwa na watu kama 240,000 katika miaka ya 1930. Mwaka 1989 walikuwa karibu milioni 1.4. Kwa hesabu ya Maher nchi ilipaswa kuwa imekufa. Badala yake mmomonyoko ulikuwa umepungua, miti imeongezeka, na mavuno kwa kila mtu yamepanda. Wapo waliopinga, wakisema picha ilipakwa rangi kidogo na kwamba maskini wa kule chini kwenye ukame hawakufaidi sawa na wa milimani. Nadhani wana hoja. Lakini matuta yapo. Ukiteremka na matatu kutoka Machakos kwenda Kola, tazama nje.

Jambo moja kwenye hesabu hizo lilinigusa binafsi. Pesa za kuchimbia zilitoka wapi? Sehemu kubwa zilitoka mjini. Kina baba walikuwa askari, makarani, mafundi, vibarua Nairobi, wakituma mshahara nyumbani, na mama akalipa watu wachimbe. Jiji ndilo lililonunua embe na maharage. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba mji ni fisi na kijiji ni mbuzi. Mji ulisaidia kujenga vilima vile.

Susu alikuwa mmoja wa waliochimba. Alikuwa mdogo kwenye enzi ya filimbi, mkubwa kwenye enzi ya hiari, na anakuonyesha tuta kwa tuta kama mtu anayetaja watoto wake. Ila fahari yake iko mtoni.

Huko Kola, si mbali na kwake, ndiko Joshua Mukusya na majirani zake walikoanzisha mwaka 1978 kikundi cha Utooni, kilichokuja kujenga mabwawa mengi ya mchanga Ukambani. Wazo lenyewe halikuwa geni, kuta za aina hiyo zilijengwa tangu enzi za ukoloni. Unatafuta mahali kwenye mto wa msimu ambapo mwamba uko karibu. Unajenga ukuta wa mawe na saruji kutoka ukingo hadi ukingo, ukiwa umekalia mwamba wenyewe. Mvua ikija, mafuriko yanashuka na kila kitu. Tope jepesi linapita juu ya ukuta, mchanga mzito unazama nyuma yake. Baada ya msimu mmoja au mitatu, mtu mgeni ataona mto uliojaa mchanga mkavu na kuhuzunika. Lakini kati ya chembe za mchanga kuna nafasi, na nafasi hizo zimejaa maji, hadi thuluthi moja ya ujazo wote au zaidi. Jua haliyafikii. Mbu hawatagi humo. Unachimba kwa karai kina cha goti, unangoja, maji yanapanda safi.

Kikundi cha Susu, kina mama ishirini na kitu, kilijenga ukuta wao kwa mwethya. Mawe kichwani, maji kichwani, simiti ya msaada. Kabla ya hapo alitembea saa mbili kwenda na mbili kurudi. Baada ya hapo alitembea dakika kumi. Mimi nilizaliwa dakika kumi zilikuwa zimeshaanza, nikadhani ndivyo mito ilivyo.

Sasa fikiria lori.

Nairobi ya baada ya mwaka 2000 ilipanda juu kama unga wa chapati wenye hamira. Fleti Pipeline, fleti Kasarani, barabara kuu ya Thika, na upande wetu Mlolongo, Syokimau, Athi River. Athi River ilikuwa tayari na saruji tangu miaka ya 1950. Mawe ya kuchonga yalikuwa Ndarugo. Mchanga mzuri, wa chembe kali, ulikuwa kwenye mito ya Ukambani, na haukuwa na mwenyewe. Mto ni wa serikali, ukingo ni wa jirani, vijana wa senta hawana kazi. Mzee alilipa wapakiaji, akalipa mwenye shamba la kupitia, akalipa kwenye kila kizuizi barabarani, na bado akabaki na karo. Watu wamepigana juu ya mchanga huu, Machakos na Makueni, na wengine wamekufa. Machakos ilitunga sheria ya kuuchimba mwaka 2014. Makueni mwaka 2015 ikaenda mbali zaidi, ikazuia mchanga kutoka nje ya kaunti kwa biashara. Wenye malori wakageuza usukani, wakafuata mito mingine.

Mzee anaapa hakuwahi kugusa mchanga ulio juu ya ukuta wa Susu. Ninamwamini. Alichukua wa chini ya ukuta. Yeye na wengine, msimu baada ya msimu, mpaka mto upande ule ukashuka kimo cha mtu. Ukuta wa bwawa la mchanga unategemea kilicho chini yake pia. Masika moja mafuriko yaliruka ukuta, yakaanguka kwenye shimo, yakachimba pembeni penye udongo, na ubavu mmoja ukafunguka. Mchanga wa miaka mingi uliondoka kwa usiku mmoja. Nilikuwa kidato cha nne, napiga mtihani wa majaribio wa jiografia. Swali la sita lilikuwa kuhusu mmomonyoko.

Susu hakumwambia Mzee lolote. Kwetu mkwe na mama mkwe wana nthoni baina yao: heshima ya kuepukana, hawakai meza moja, hawatazamani usoni, wala mmoja hamkaripii mwenzake. Kwa hiyo neno lile lilikaa. Alitembea tena, mzee wa miaka sabini, na mitungi miwili juu ya punda wa kuazima.

Ninaposikia mazungumzo ya miji ya kesho ninayasikia nikiwa na hayo kichwani. Hapo Malili, mpakani mwa Machakos na Makueni, kuna Konza: ekari 5,000, Kibaki akauzindua ujenzi Januari 2013, mji wa kidijitali, minara ya vioo kwenye picha, taka zitakazofyonzwa na mabomba chini ya ardhi. Kaunti mpya nayo ikatangaza Mji Mpya wa Machakos, na ikatufungulia People's Park kando ya bwawa la Maruba, ambako lazima niseme kweli nimefurahia sana, ni mahali pazuri pa kukaa na mtu. Mimi si mtu wa kuicheka Konza. Kazi yangu iko humo, au nataka iwe humo. Kituo chake cha data kinafanya kazi, barabara zimechongwa.

Lakini fuata maji yake. Konza iko kwenye nyika kavu, kwa hiyo mpango ni kuvuta maji kutoka bwawa la Thwake, linalojengwa mahali mto Thwake unapokutana na Athi, lenye uwezo wa kushika mita za ujazo milioni 688. Thwake hukusanya vijito vya vilima vyetu. Athi nao umepokea Mto Nairobi, na Mto Nairobi umepokea kila kitu ambacho jiji halikitaki. Yaani maji machafu ya mji uliochaguliwa kama maegesho mwaka 1899 yanateremka hadi Thwake, yanakutana na maji ya vijito vilivyonyang'anywa mchanga ili kuujenga mji huohuo, na mchanganyiko huo utapandishwa kwa pampu hadi kwenye mji wa kesho. Wakaguzi na wanamazingira wameshalalamika kuhusu uchafu huo. Nimezitazama ramani za Konza kwa jicho la kazi na ni nzuri. Zinaanzia getini.

Na hapo sijagusa ardhi. Syokimau mwaka 2011, Mavoko mwaka 2023 kwenye ardhi ya kampuni ya saruji: matingatinga, watu na hati zao mikononi. Hiyo ni makala ya mtu mwingine, na namwomba aiandike.

Nilichofanya mimi ni kidogo. Susu aliniambia kikundi chao, waliobaki, wanataka kuziba ubavu wa ukuta. Mhandisi ninayefanya naye kazi alikuja Jumamosi moja bure, akapima, akasema mwamba bado mzima, ila chini ya ukuta pajengwe kikingio cha mawe. Nikachangisha mifuko ya saruji ofisini. Nikachora. Ramani ndogo kuliko zote nilizowahi kuchora, karatasi moja, na kwa mara ya kwanza niliandika chanzo cha mchanga, kwa sababu kina mama waliuliza: wa kuchanganyia utatoka wapi? Nyuma ya ukuta hapakuwa na kitu cha kugusa, ulikuwa utando tu umeanza kurudi.

Nilimpigia Mzee. Ameacha biashara, lori aliliuza, mgongo umekwisha. Alinyamaza kwenye simu kwa muda, akauliza ni tani ngapi. Nikamwambia.

Alikuja siku ya mwethya na lori la kukodi, asubuhi, mchanga wenye risiti ya kaunti, wa kutoka mahali panaporuhusiwa. Aliegesha mbali, chini ya mti, kwa sababu Susu alikuwa ukingoni na kina mama. Aliposikia ni nani, Susu akageuza uso kama inavyotakiwa, akapanda njia ya nyumbani taratibu, fimbo mkononi. Mzee akashuka, akavua shati, akachukua sepetu kwa kijana mmoja. Daktari alishamkataza. Hakuna aliyemzuia.

Saa nne hivi Susu alimtuma mtoto na birika la chai na vikombe. Kikombe kimoja kilikuwa na kifuniko, na mtoto akasema kimetengwa, ni cha yule wa lori.